Albamu Ndogo ya Michenzani

Ukiabiri boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, muda wa saa mbili hivi hutosha kukufikisha Unguja. Abiria wengi huutumia muda huo kulala au kuitazama bahari. Mimi safari hii niliutumia kuchungulia bahasha niliyokuwa nimeipakata. Ndani yake mlikuwa na picha ya bibi yangu mzaa baba, ikiwa haina uso.

Kosa lilikuwa langu. Kwa miaka mingi picha hiyo ilikaa katika albamu ya dukani, ile yenye kurasa za gundi zilizofunikwa kwa plastiki, ambayo katika miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa fahari ya sebule nyingi. Siku familia ilipotaka kuikuza kwa ajili ya kisomo cha kumrehemu bibi, nikapewa mimi kazi ya kuibandua. Nilianza kwa ukucha, nikaendelea kwa wembe. Gundi ile ilikuwa imekwisha kuwa kama saruji. Nilipovuta kwa nguvu, karatasi ya nyuma ilikuja mkononi, na utando wa juu wenye sura ukabaki umeng'ang'ania ukurasa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu mwenyewe ndiye aliyekuwa ameketi na majuto yake mkononi.

Nakala ya pili ilikuwako kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, huko Michenzani. Nilipomwomba aitume, alikataa katakata. "Njoo uichukue mwenyewe," aliniambia kwa simu. "Na upite Darajani uninunulie karatasi mbili za maua za kufungia zawadi, manila moja nyeupe, na utepe." Hakunieleza ni vya nini, nami sikuthubutu kuuliza.

MJI WA WAPIGA PICHA

Kutoka bandari ya Malindi nilifuata njia ya pwani hadi Forodhani. Hapo ndipo Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lililokuwa refu kuliko mengine yote mjini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi waliowahi kusimama mbele ya nguzo zile wakapigwa picha, wakijua kwamba wao watapita na jumba litabaki. Tangu siku ile, picha zao ndizo zinazoonyesha jinsi jumba lilivyokuwa.

Nikakata kuelekea Shangani na Barabara ya Kenyatta. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni mji wa wapiga picha tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 tayari palikuwa na studio ya Gomes, na picha zake zilisafiri ng'ambo zikiwa kadi za posta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na baadaye mwanawe Rohit akaendeleza kazi hiyo. Kwa miaka mingi, familia zilizotaka kumbukumbu ya Idi au ya harusi zilivaa nguo zao bora, zikaenda studio, zikasimama wima bila kupepesa macho. Picha ilikuwa jambo la gharama; mtu aliweza kupigwa mbili au tatu tu katika umri wake wote.

Bibi yangu alipigwa moja. Ilikuwa mwaka 1958, na baba yangu alikuwa mtoto wa kupakatwa.

Darajani ni soko linalojulikana na kila mwenyeji. Jina lake linatokana na daraja lililounganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, zama zile ambapo mkono wa bahari ulipita hapo kabla ya kufukiwa. Nilinunua nilivyoagizwa. Karatasi moja nilichagua ya waridi, na nyingine yenye nakshi za korosho kama zile za kanga. Kisha nikavuka barabara kuyaendea majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki.

"HUPEWI MPAKA UITENGENEZEE NYUMBA"

"Hodi! Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi hadi alipostaafu. Umri wake umepita miaka sabini na mitano, na mtoto wa jicho ameanza kuufunika mwanga wa jicho lake la kushoto. Baada ya chai alitoa kijitabu kisichozidi kiganja cha mkono, kilichovikwa karatasi ya maua na kufungwa kwa utepe. Alipoufungua utepe, kurasa zilijikunjua mezani kama mkeka mdogo. Picha kumi zilikuwa zimesimama humo, kila moja imeshikwa pembe zake nne kwa vipembe vya karatasi. Hapakuwa na tone la gundi juu ya picha yoyote. Ya bibi ilikuwa ya kwanza, safi kama iliyotoka studio jana.

Nilinyoosha mkono. Akaufunika kwa mkono wake.

"Hupewi mpaka uitengenezee nyumba," alisema. "Ile nyingine ulikuwa nayo, ukaipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniletea mkasi, rula na penseli, akaanza kufundisha kama aliye mbele ya darasa.

JINSI YA KUITENGENEZA

Mtengenezaji wa albamu hii hahitaji mashine. Kata manila upate ukanda wenye urefu wa sentimita 66 na upana wa sentimita 16. Weka alama kila baada ya sentimita 11, kisha pitisha mgongo wa kisu pale penye alama, ukifuata rula, ili karatasi ikunjike bila kupinda. Kunja mbele, kunja nyuma, mbele tena, kama upepeo. Utapata kurasa sita.

Kwa majalada, kata vipande viwili vya kadibodi ngumu, kila kimoja sentimita 11 na nusu kwa 16 na nusu. Kata karatasi ya nakshi iizidi kadibodi kwa sentimita mbili kila upande. Kabla ya yote, sugua pembe moja ya karatasi hiyo kwa kitambaa chenye maji. Ikitoa rangi, itafutie kazi nyingine.

Gundi ni ya jikoni. Koroga kijiko kimoja cha unga wa ngano katika vijiko vitano vya maji mpaka mabonge yaishe, weka kwenye moto mdogo, na usiache kukoroga hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Iache ipoe. Ipake kwenye kadibodi kwa uchache, bandika karatasi, kata ncha za pembe zake nne kwa mshazari, kisha kunjia ndani kingo zote. Sasa laza utepe ndani ya jalada la nyuma, ukikatiza katikati. Bandika ukurasa wa kwanza kwenye jalada la mbele na wa mwisho kwenye jalada la nyuma, juu ya utepe. Tia karatasi ya nailoni kati ya majalada na kurasa za ndani ili unyevu usipenye, kandamiza kwa vitabu vizito, na uiache hadi kesho yake.

Upande mmoja wa ukanda utakupa kurasa sita, na upande wa pili nne, kwa kuwa mbili zimeshikana na majalada. Ndiyo maana picha za shangazi zilikuwa kumi.

Mwisho ni vipembe. Kata vipande vya karatasi nyeupe vyenye upana wa sentimita moja na nusu na urefu wa sentimita tano. Kunja kila kipande kutoka katikati, pande zote mbili zishuke zikutane na kufanya pembetatu yenye mfuko. Punguza mikia, paka gundi mgongoni mwa pembetatu peke yake, ichomeke kwenye pembe ya picha, ndipo uibandike ukurasani. Picha ikitakiwa, huchomoka bila jeraha.

KWA NINI SI GUNDI

Shangazi hutumia njia hii kwa mazoea, lakini hata wataalamu wa kuhifadhi nyaraka huitumia, na sababu zao ni nzuri. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe zina utando wa jelatini unaobeba sura. Jelatini hunyonya unyevu, hulainika, na hunata kwenye chochote kinachoigusa. Ndiyo maana picha iliyobanwa na kioo cha fremu katika miji yetu ya pwani huganda nacho. Gundi za albamu za dukani huzidi kukaza kadiri miaka inavyopita, na baadhi ya plastiki zake hutoa asidi inayochakaza picha.

Karatasi nayo ina tabia zake. Iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa bila kusafishwa hugeuka manjano na kukatika. Gazeti hili unalolisoma ni la aina hiyo, kwa hiyo lisome kwa moyo mmoja lakini usiliguse na picha zako. Karatasi ya maua vilevile ibaki nje, kwenye majalada. Kurasa zinazogusa picha ziwe nyeupe na, ukibahatika kuipata, ziwe za karatasi isiyo na asidi.

Unga wa ngano huwapendeza mende na vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokula vitabu. Tumia gundi kidogo, ikauke kabisa, na albamu ikae kabatini mbali na ukuta unaotoa jasho. Baada ya mvua za masika, itoe siku moja ipate hewa kivulini. Ya kutundika ukutani iwe nakala. Ya asili isikutane na jua.

Huenda kijana wako akasema kwamba picha zote zimo katika simu. Ni kweli, na ni vyema kuipiga kila picha ya zamani kwa simu, karibu na dirisha, ili nakala iwepo. Lakini simu ikiibwa au ikitumbukia majini, huondoka na picha elfu kwa mkupuo. Tena elfu hizo hakuna aliyezichagua. Albamu ya kurasa kumi hukulazimisha uamue ni nani hasa usiyetaka asahauliwe.

SURA YA NNE

Jioni ya siku ya pili albamu yangu ilikuwa imekauka. Shangazi akaichomoa picha ya 1958, akaigeuza, akanipa penseli laini. "Kalamu ya wino hupenya," alisema. "Andika polepole, usikandamize."

Katika picha hiyo wamo watu wanne. Bibi ameketi kitini, baba yumo mapajani, na shangazi, msichana wa miaka minane, amesimama kulia. Nyuma ya kiti yuko binti wa miaka kumi na saba hivi, ameweka mkono begani kwa bibi. Kwetu sote, tangu utoto, huyo alijulikana kama "yaya". Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Nikaandika majina matatu. Nilipoandika neno yaya, shangazi aliniuliza nimeandika nini, kwa kuwa jicho lake halikuweza kusoma. Nilimwambia. Akanyamaza kidogo.

"Futa," alisema. "Huyo ni mdogo wake bibi yako, tumbo moja. Alifariki akijifungua, mwaka uliofuata. Picha nyingine hana."

Kisha akalitaja jina. Ni jina la dada yangu, mzaliwa wa kwanza wa baba. Dada amelibeba umri wake wote bila kujua amerithi kwa nani. Baba alijua, na angetuambia laiti tungemwuliza. Lakini baba amekwisha kuzikwa. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyelijua jina la sura ile ya nne.

Nilifuta, nikaandika upya. Usiku ule sikulala mapema: tulizipitia picha zote kumi, nikageuza moja baada ya nyingine, yeye akitaja, mimi nikiandika.

Ndugu msomaji, manila, karatasi ya maua na unga wa ngano utavipata mwaka huu na mwaka ujao. Mzee anayejua nani amesimama nyuma ya kiti, huna hakika ya kumpata mwaka ujao. Leo ni Jumapili. Baada ya chakula cha mchana, omba bahasha ya picha iliyoko uvunguni au juu ya kabati, keti karibu naye, na uwe na penseli.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kwa dada yangu kabla ya kwenda kwangu. Nilimpa albamu bila kusema neno. Aliitazama picha, akaisifu. Kisha nikamwonyesha namna ya kuichomoa, ili aigeuze asome mwenyewe.