Kura Zimekwisha, Mkeka Umetoka

Muhula uliopita tulipiga kura za serikali ya wanafunzi. Jamaa mmoja wa kitivo chetu aligombea ubunge akapigwa vibaya sana, tena na mtu ambaye hata bango hakubandika. Hazikupita wiki tatu, baraza la mawaziri likatangazwa na yule jamaa yumo. Waziri kamili. Mimi nilishangaa kitu kimoja tu, kwamba hakuna aliyeshangaa. Kwenye grupu la darasa watu waliandika "hongera mheshimiwa", wakaendelea na habari za bumu.

Kiukweli hatukuwa na sababu ya kushangaa. Tumekulia kwenye nchi ambayo kura zinaweza kukukataa jioni, na mkeka ukakuita asubuhi.

Kwetu ni Tukuyu, na mkuu wa mkoa wa kwanza ambaye jina lake nililikamata nikiwa na akili zangu ni Amos Makalla. Alikuja Mbeya Machi 2016, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Ndiyo kwanza Songwe ilikuwa imemegwa ikawa mkoa wake, hivyo alikabidhiwa Mbeya iliyopungua. Kwa mtoto wa Rungwe, mkuu wa mkoa ni mtu wa king'ora. Unamsikia kabla hujamwona, na ukimwona ni kioo cheusi cha gari kinachoshuka kuelekea Kyela. Hatukuwa tukijiuliza alitokea wapi. Nimekuja kujiuliza nikiwa mkubwa.

Alitokea bungeni. Makalla aliwahi kuwa mweka hazina wa CCM taifa, kisha 2010 akawa mbunge wa Mvomero, mkoani Morogoro. Mei 2012 Rais Kikwete akampa unaibu waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo, na Januari 2014 akahamishiwa Maji. Mpaka hapo ni ngazi ya kawaida ya mwanasiasa. Uchaguzi wa 2015 ulipofika, Mvomero ikarudi kwa Suleiman Saddiq, ambaye ndiye aliyekuwa mbunge kabla ya Makalla. Ungedhani stori imeishia hapo. Kumbe ndiyo inanoga.

Mwaka huohuo akawa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Kabla yake kiti kile kilikuwa cha Leonidas Gama, ambaye naye aliondoka kwenda kugombea Songea Mjini, akashinda. Yaani huyu anatoka bungeni kwenda mkoani, yule anatoka mkoani kwenda bungeni, wanapishana mlangoni kama abiria wa Uyole. Baada ya Kilimanjaro ikaja Mbeya yetu. 2018 akapelekwa Katavi. Mei 2021 akawa Dar es Salaam, ambako ndiye aliyesimamia ile hamishahamisha ya machinga ya mwaka ule. 2023 akaenda Mwanza. Aprili 2024 chama kikamrudisha kwake, akawa katibu wa itikadi na uenezi. Agosti 2025 mkoani tena, safari hii Arusha.

Hesabu mwenyewe. Mikoa sita. Kura alizowahi kuombea ubunge akazipata zilikuwa za jimbo moja, Mvomero.

Sisemi ni kiongozi mbaya, na makala hii haimhusu yeye peke yake. Mtu aliyekaa bungeni miaka mitano anajua bajeti inavyopita, anajua waziri gani apigiwe simu, na pengine anajua maumivu ya kurudi kwa wananchi kuomba tena. Huo ni uzoefu. Ninachohoji ni njia yenyewe.

Mwaka jana nilikuwa BTP kwenye sekondari moja hukohuko Rungwe, nikapewa Uraia, Kidato cha Pili. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, ila maswali ya maana huja kwa Kiswahili. Nilikuwa naeleza Ibara ya 61 ya Katiba, kwamba wakuu wa mikoa wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Ili wasisinzie nikawapa mfano wa Makalla. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, kwa hiyo mbunge akishindwa anapanda cheo?"

Darasa likacheka. Nikawaambia hapana, ni kazi mbili tofauti. Mbunge ni mwakilishi wenu, mkuu wa mkoa ni mkono wa Rais. Nikagawa ubao mara mbili. Upande wa mbunge nikaandika: anatunga sheria, anaihoji serikali na kuishauri, anapitisha bajeti, anaingia baraza la madiwani. Upande wa mkuu wa mkoa nikaandika: anasimamia shughuli zote za serikali ndani ya mkoa, ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, na kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 anaweza kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Nikakumbuka na kamati ya ushauri ya mkoa, ile ambayo wabunge wote wa mkoa ni wajumbe. Mwenyekiti wake ni nani? Mkuu wa mkoa. Mtu aliyepigiwa kura anamwomba nafasi ya kuzungumza mtu ambaye hakupigiwa.

"Sasa Madam, mbona tunapanga foleni kwa ajili ya huyu wa upande wa kushoto?"

Nikavuka mpaka kwenda Kenya, maana wao tangu 2013 wana magavana 47 wa kuchaguliwa, na wengi wametokea bungeni pia. Hassan Joho alikuwa mbunge wa Kisauni, 2013 akawa gavana wa Mombasa, 2017 akarudi kuomba kura tena akapewa, 2022 akaachia kwa sababu katiba yao hairuhusu muhula wa tatu. Aliyempokea, Abdulswamad Nassir, alitokea ubunge wa Mvita. Safari ni ileile ya kutoka bungeni kwenda kutawala eneo. Tofauti ni kwamba katikati kuna foleni ya wapiga kura.

Wanafunzi wangu walimpenda zaidi Mike Sonko, mbunge wa Makadara, kisha seneta, kisha gavana wa Nairobi 2017. Wakadhani namsifia. Nikawaambia huyo aliondolewa Desemba 2020, kwanza na bunge la kaunti, halafu Seneti ikaidhinisha baada ya kusikiliza mashtaka. Kwa hiyo uchaguzi haukuwapa Wakenya malaika. Uliwapa mahali pa kumshtaki mtu mchana kweupe. Kwetu taarifa huwa fupi tu: uteuzi wake umetenguliwa. Albert Chalamila, aliyempokea Makalla hapa Mbeya 2018, alihamishiwa Mwanza Mei 2021, Juni akatenguliwa, Julai 2022 akateuliwa Kagera, 2023 akapewa Dar. Ukipotea wiki mbili kijijini bila bando unaweza kurudi ukakuta ramani ya uongozi imebadilika.

Nilidhani nina hoja iliyoshiba mpaka nilipompelekea bibi yangu. Bibi analima ndizi na viazi, na kati ya shamba lake na barabara kuna kijito chenye daraja la magogo ambalo mvua za Rungwe hulila kila mwaka. Nilimweleza habari za Kenya zote. Akanisikiliza huku anamenya maharage, akasema, "Mjukuu wangu, mbunge anaomba. Mkuu wa mkoa anaagiza. Mimi nataka daraja."

Nikambishia kwamba anayeagiza leo akikukosea huna pa kumpeleka. Akasema hata anayeombwa kura akikukosea unamngoja miaka mitano, na viazi havingoji. Aliwahi kuona kwa macho yake watumishi wakikimbia na madaftari kwa sababu tu imesikika mkuu wa mkoa anapita. Kwa mbunge hajawahi kuona mtu akikimbia. Hoja yake ilinisumbua, na inanisumbua bado, kwa sababu hofu hiyohiyo inayofungua daraja ndiyo inayofunga mdomo. Zile saa 48 zinatoka kwenye mfuko uleule.

Tuliafikiana kitu kimoja, niandike barua. Ilikuwa Juni 2025. Niliichapa vizuri, nikaweka jina la Juma Homera, aliyekuwa mkuu wetu wa mkoa tangu 2021, nikaeleza kijito, magogo, akina mama wanaovuka na ndoo kichwani. Kabla sijaipeleka mkeka ukatoka: Mbeya amepewa Beno Malisa. Homera alielekea Namtumbo kuomba ubunge, na akaupata. Njia ileile, safari hii kwa kurudi nyuma.

Nilirudi nyumbani kumsomea bibi barua upya ili tubadilishe jina. Alikuwa kibarazani, amevaa koti la mvua la babu. Akanyoosha mkono kunizuia nisiendelee.

"Andika cheo tu," akasema. "Jina usiandike."