Orodha Mbili za Safari

Sisi wa Geita, tuliolelewa na dhahabu, tumeazimia kuizuru Ghana katika msafara mmoja na wenzetu wa Shinyanga. Nchi hiyo, kabla ya uhuru wake wa mwaka 1957, Waingereza waliiita Pwani ya Dhahabu. Tunatamani kuuona mji wa migodi wa Obuasi, msikiti wa udongo wa Larabanga, na ngome ya Elmina, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1482 na ambamo Waafrika walifungiwa kabla ya kuvushwa bahari utumwani.

Kiongozi wa msafara ametukabidhi orodha yake: pasipoti, dawa za malaria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, inayochomwa walau siku 10 kabla ya kuondoka. Hayo hutimizwa kwa fedha na subira.

Orodha yetu wenyewe, tuliyoiandika baada ya Isha, ni nzito zaidi. Deni la dukani lilipwe. Amana ya jirani irudishwe. Wasia uandikwe mbele ya mashahidi. Na bibi yetu aliyeko Shinyanga, mgonjwa wa shinikizo la damu, asikose wa kumpeleka kliniki.

Hilo la mwisho lilitukesha. Tulikuwa wanne, sasa tutakwenda watatu, na mmoja wetu amejitolea kubaki naye. Picha za Elmina ataletewa. Uangalizi wa bibi hautumwi kwa simu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwakuta salama.