Kabla ya Kuziba Ufa

Wahenga walituachia methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe wa Unguja tumeisikia tangu utotoni, na wengi wetu tumeifuata kwa bidii iliyopita kiasi. Ramadhani inapokaribia, ndoo ya chokaa hutolewa, nyufa hupakwa, kuta hung'ara, na moyo ukatulia. Lakini kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kabla ya kuziba ufa, sharti mtu aulize umetoka wapi.

Nyumba zetu za zamani si za saruji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na unene wake mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo kwa kawaida hazizidi sana mita 3, vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hupumua, unyevu ukaingia na kutoka. Adui yake ni maji yaliyokosa njia. Mlizamu ukiziba, au choo cha ghorofani kikivuja, maji hulainisha udongo ulio kati ya mawe, kisha huozesha vichwa vya boriti vilivyomo ukutani. Wa juu anaona sakafu nzima, wa chini anaona dari nyeupe, na kilichooza kimo mahali ambapo jicho la yeyote kati yao halifiki.

Mtaani kwetu Malindi palikuwa na mwashi mzee ambaye nilipenda kumsikiliza. Yeye alitenga kazi ya mwenye nyumba na kazi ya fundi. Chokaa ikidondoka kama unga, alisema, panda juu ukazibue mlizamu. Ufa mwembamba kama uzi alikuwa akiubandika kiraka kidogo cha plasta na kuandika tarehe. Masika yakipita na kiraka ni kizima, ufa umelala. Kikipasuka, ukuta unatembea, na hapo mwenye nyumba aache kupaka.

Zipo dalili nyingine ambazo kwake hazikuhitaji kiraka. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri ukaanza kukwama. Ukuta ukitoa tumbo. Sakafu ikiinama upande mmoja au ikitikisika mtoto anapokimbia. Boriti ikigongwa ikatoa mlio wa kitu kitupu. Mti ukiota ukutani, mizizi ikatafuta njia baina ya mawe. Moja tu kati ya hizi ilimtosha kuwahamisha watu chumbani siku hiyohiyo, kisha ndipo maneno ya gharama yafuate.

Nami ningeongeza dalili mbili za zama zetu. Kwanza ni saruji: ukuta wa chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na nje panaonekana pamepona. Pili ni tangi la maji juu ya paa. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, na aliyezikata boriti zile hakulijua tangi. Aliyefanya lolote kati ya haya mawili asingoje ufa ndipo amwite mtaalamu.

Kinachotuchelewesha si ujinga peke yake. Nyumba moja ina warithi kumi, nyingine ni ya wakfu, nyingine ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kugawiwa familia kadhaa. Kila mmoja hupaka chumba chake, na ukuta uliobeba wote hauna mwenyewe. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985, lakini mkaguzi hawezi kuona ufa uliofichwa nyuma ya kabati.

Kuchelewa kuna bei yake. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka likiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafariki. Sina elimu ya kuhukumu sababu. Ninalojifunza ni kwamba jengo likishafika mbali, hata mkono unaokuja kulitibu huwa hatarini.

Katika nchi za baridi nyumba nyingi zina dohani ya kutolea moshi wa kuni. Masizi hujenga utando ndani yake unaoweza kushika moto, na aliyekaa sebuleni hauoni. Kwa hiyo watu hushauriwa kuita mkaguzi kila mwaka, hata kama moto unawaka vizuri na moshi unapanda. Sisi hatuna dohani, lakini boriti zetu nazo zimejificha vilevile. Na kalenda tunayo: masika huanza Machi. Basi, ndugu msomaji, Februari waite wa juu na wa chini mkae barazani, mchangishane ujira wa fundi anayeijua chokaa, na umpeleke kwanza nyuma ya lile kabati.