Aliyekuuzia hisa anajua unachojua?

Wasee, kila mtu akishikwa kwa kununua hisa akitumia habari za ndani, komenti ni zile zile: "Si alikuwa tu mjanja?" Mimi sikusomea sheria, hata chuo niliacha njiani, lakini hoja hii ya ujanja imenichosha. Hebu tuone sheria ilikua vipi.

New York, 1975 na 1976. Vincent Chiarella anafanya kazi kwa kampuni ya uchapishaji. Wateja wanaleta hati za mipango ya kununua kampuni nyingine. Majina yamefichwa mpaka usiku wa mwisho. Jamaa anasoma maelezo mengine, anang'amua ni kampuni gani, ananunua hisa zake. Mpango ukitangazwa, bei inapanda, anauza. Kwa miezi 14 alipata zaidi kidogo ya dola 30,000.

Alishtakiwa na kupatikana na hatia. Lakini 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu. Hakuwa mkurugenzi wala wakala wa kampuni hizo, kwa hivyo hakuwa na wajibu wa kuwaambia waliomuuzia lolote. Kunyamaza tu si ulaghai.

Mwaka huo huo SEC, wanaosimamia masoko ya hisa kule, wakaweka kanuni ya kuziba pengo hilo kwa mipango ya aina hiyo. Kisha 1997 ikaja kesi ya wakili James O'Hagan. Alipata zaidi ya dola milioni 4.3 kwa sababu mteja wa ofisi yao alikuwa anapanga kununua Pillsbury. Mahakama ikasema ukitumia siri uliyoaminiwa nayo kujitajirisha, umemlaghai mwenye siri.

Sawa. Lakini umeona? Kwa hoja hiyo aliyelaghaiwa ni mwenye siri, si yule aliyeuza hisa zake kwa bei ya chini. Mimi ningeanza na huyo.

Hata hapa, 2018 Rubis ya Ufaransa ilipotaka kununua KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilichunguza biashara iliyofanyika kabla ya tangazo. Fikiria mtu aliyeuza zake siku chache kabla, labda alipe karo. Yeye si mjinga. Hakuambiwa tu.

Na sisi wa kontenti tusijifanye hii ni stori ya mabepari. Kampuni zinatutumia mipango yao kabla haijatangazwa, tuandae video. Sisi ndio wachapishaji wa leo. Na hisa siku hizi unanunua kwa simu ukiwa kwa matatu.

Kwa hivyo kabla ubonyeze, jiulize: huyu anayeniuzia angejua ninachojua, bado angeuza? Kama jibu ni hapana, hiyo pesa ni yake. Ama mnaonaje?