Reli ya Chuma Kaskazini mwa Skandinavia

Watu wengi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, wakitajiwa Uswidi na Norwe, hukumbuka theluji na baridi tu. Lakini kaskazini kabisa mwa nchi hizo iko njia ya reli ambayo historia yake yafaa ijulikane na kila mtu, na zaidi na askari na polisi, ambao kazi yao ni kulinda mali na mipaka ya taifa, pamoja na jamaa zao ambao huhama nao kutoka kambi hadi kambi. Mwezi wa Juni mwaka 2025, mke wangu alipomaliza mafunzo mafupi ya uuguzi mjini Stockholm, sisi wawili tulisafiri kwa reli hiyo hadi mwisho wake, kisha tukaendelea kwa basi.

Treni ya usiku huondoka Stockholm jioni, na safari ya kufika Narvik, bandari iliyo pwani ya Norwe, huchukua karibu saa ishirini. Kwa watu wenye mfuko mdogo kama sisi, behewa la vyumba vyenye vitanda sita lafaa sana. Kila abiria hupewa kitanda chembamba, shuka na mto, na watu hujifunza upesi kuvua viatu kwa zamu. Tulichukua mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, maana vyakula vya njiani ni ghali. Mke wangu alichukua pia kitambaa cheusi cha kufunika macho, na hekima yake ilidhihirika usiku huohuo. Saa sita ya usiku kulikuwa na mwanga kama wa magharibi kwetu, na msitu wa misonobari ulipita dirishani bila kukoma.

Asubuhi treni ilisimama Boden. Huu ni mji wa askari tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waswidi walichimba ngome kubwa ndani ya vilima vinavyouzunguka, wakiweka mizinga ya kuzuia jeshi ambalo lingetoka upande wa Urusi. Ngome hizo hazitumiki tena kwa vita, na mojawapo sasa ni makumbusho, ingawa jeshi lingali na kambi mjini hapo. Nilijiuliza kwa nini taifa liligharimia mizinga yote hiyo katika nchi yenye watu wachache na miti mingi. Jibu lilikuwa mbele yetu, kwenye reli.

Baada ya Boden treni huvuka Mzingo wa Aktiki, yaani mstari ambao kaskazini yake jua halitui kabisa kwa siku kadhaa za kiangazi, wala halichomozi kwa siku kadhaa za majira ya baridi. Saa chache baadaye tuliingia Kiruna. Mji huu ulianzishwa mwaka 1900 kwa sababu moja tu: milima yake ina madini ya chuma. Shirika la madini la LKAB, ambalo ni mali ya serikali ya Uswidi, huchimba kwa kushuka chini sana, kupita mita 1,000. Sehemu kubwa ya madini ya chuma yanayochimbwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hutoka katika migodi ya shirika hilo kaskazini mwa Uswidi.

Ila mwamba wenye chuma umelala kwa mshazari, ukizama chini ya mji wenyewe. Kadiri wachimbaji wanavyoufuata, ndivyo ardhi iliyo juu inavyopasuka na kutitia. Kwa hiyo mwaka 2004 ilitangazwa kwamba mji utahamishwa. Kitovu kipya kimejengwa kilomita tatu hivi upande wa mashariki, na kilifunguliwa mwaka 2022. Kanisa la mbao lililokamilika mwaka 1912 tulilikuta bado mahali pake pa kale, likingoja safari yake. Mwezi wa Agosti 2025, barabara ikiwa imekwisha kupanuliwa, kanisa hilo lenye uzito wa tani 672 lilibebwa zima juu ya magurudumu kwa siku mbili, kilomita tano, hadi mahali pake papya.

Mke wangu ni mtoto wa kota za polisi. Alikulia katika nyumba ambazo baba akipewa uhamisho, mama hufunga mizigo, na watoto huacha mti walioupanda. Basi hakutaka kuona mgodi. Alitaka kujua wenye nyumba wanatendewaje. Kituoni tulizungumza na mama mmoja mtu mzima, aliyejua Kiingereza cha taratibu. Alitueleza kwamba mwenye nyumba huchagua: ama alipwe bei ya soko na asilimia 25 juu yake, ama apewe nyumba mpya badala ya ile ya zamani. Yeye alichagua nyumba. Ni nzuri, ina joto, na haina nyufa. Lakini alisema kwamba jikoni mwake pa zamani alikuwa akiuona mlima kila asubuhi kwa miaka mingi, na mlima hauwezi kuandikwa katika hesabu ya fidia. Mke wangu alimshika mkono. Mimi sikuwa na la kuongeza.

Wako pia wengine ambao hasara yao ni ngumu zaidi kupimwa. Wasami, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hizo za kaskazini, wengine wao hufuga kulungu wa kaskazini, na wanyama hao huhama kila mwaka kati ya malisho ya majira ya baridi na ya kiangazi. Mgodi, reli na mji vimekaa katika mapito yao, na kila upanuzi huyabana zaidi. Bunge la Wasami wa Uswidi lilianzishwa mwaka 1993, na mjadala juu ya haki za ardhi haujakwisha.

Tulipoondoka Kiruna kuelekea Narvik, treni yetu iliingia njia ya pembeni ikasimama. Reli ni moja, nayo treni ya madini ilikuwa inakuja. Ikapita polepole, ndefu kama isiyo na mkia. Mke wangu alihesabu mabehewa 68, na kila moja huweza kubeba tani 100 hivi za madini. Abiria wote tulingoja kimya. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwamba reli hii ilijengwa kwa ajili ya chuma, na abiria ni mgeni tu.

Baada ya hapo njia hufuata ziwa refu la Torneträsk na kupita Abisko, ambako mbuga ya taifa ilitengwa mwaka 1909. Milima ilikuwa na mabaka ya theluji katikati ya kiangazi. Msomaji asidanganywe na baridi hiyo: mbu wa huko ni wengi kupita wa mwambao, ila hawaambukizi malaria. Mpakani hakuna aliyetusimamisha. Reli hii ilifunguliwa rasmi na Mfalme Oscar wa Pili mwaka 1903, wakati Uswidi na Norwe zilipokuwa chini ya mfalme mmoja. Miaka miwili baadaye nchi hizo zilitengana bila vita, na treni ziliendelea kupita.

Upande wa Norwe reli hushuka kutoka kimo cha zaidi ya mita 500 hadi usawa wa bahari, katika kilomita 43 hivi. Treni iliyojaa madini, ikijizuia kushuka kwa breki zake za umeme, huzalisha umeme na kuurudisha katika nyaya, ukasaidia zinazopanda.

Narvik ndiko siri ya ngome za Boden ilikofumbuliwa. Upande wa Uswidi bahari huganda wakati wa baridi, lakini bandari ya Narvik haigandi, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu hutoka Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo anayeishika Narvik hushika chuma mwaka mzima. Tarehe 9 Aprili 1940 manowari kumi za Wajerumani ziliingia katika ghuba yake na kuzamisha meli mbili za ulinzi za Norwe, pamoja na karibu mabaharia 300. Katika siku nne zilizofuata Waingereza waliziangamiza manowari zote kumi. Tarehe 28 Mei askari wa Norwe, Ufaransa na Poland, wakisaidiwa na Waingereza, waliukomboa mji. Lakini Ufaransa ilikuwa inaanguka, na majeshi ya kigeni yakaondoka siku chache baadaye. Wajerumani wakarudi, wakakaa hadi mwaka 1945. Katika makumbusho ya vita mjini humo, mke wangu alisimama kwa muda mrefu mbele ya picha za nyumba zilizoungua. Wenye nyumba hizo hawakuulizwa kama wangependa fidia au nyumba mpya.

Narvik ndipo mwisho wa reli. Tena haikuunganishwa na reli nyingine za Norwe: Mnorwe akitaka kutoka Oslo kwenda Narvik kwa treni, hana budi kupita Uswidi. Kuelekea kaskazini zaidi, kazi hiyo hufanywa na basi. Tulipanda la Tromsø, safari ya saa nne hivi, kila abiria akifunga mkanda. Karibu na Setermoen na Bardufoss, ambako kuna kambi za jeshi, barabara hukutana na magari ya askari. Tangu mwaka 2015 sheria ya Norwe huwaita vijana wa kike na wa kiume kwa usawa katika utumishi wa jeshi, na kina mama wa huko huaga mabinti kama wanavyoaga wana. Penginepo basi lilisimama mahali pasipo na duka wala mji, akashuka mtu mmoja na mfuko wake, likaendelea. Halikungoja chuma, lilifuata watu.

Tromsø ni mji wa visiwa na madaraja, na jua lilituangazia humo usiku kucha. Tukiwa tumekaa bandarini, mke wangu alisema kwamba ameiona mali nyingi katika safari hii, lakini kitu kilichomfurahisha ni kwamba mwenye nyumba wa Kiruna aliulizwa kabla ya kuhamishwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika daftari hilo yafaa waandikwe pia wale waliohama ili mali ipatikane, na askari waliolala kaburini kwa ajili yake. Nchi yenye madini, reli na mipaka, kama zilivyo nchi zetu, ina kurasa nyingi za kujaza.