Nilisingizia mtandao, kumbe ni JIT

Kimya changu kimekuwa kirefu, mniwie radhi, kazi za kutafuta ugali zilinibana. Leo nina kisa cha hifadhidata, na ndani ya kisa hicho kuna msamaha ambao nilichelewa kuuomba. Wasiopenda SQL msikimbie, nitakwenda taratibu.

Kwetu ni Mata, upande wa Taveta, kule ambako mawingu yakikubali asubuhi unauona mlima Kilimanjaro, na ambako ndizi ndiyo ada ya shule, ndiyo mbolea, ndiyo nauli. Mimi nakaa Voi, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani. Mwaka 2019, nikiwa nimetoka kumaliza digrii yangu ya kompyuta, nilikiandikia programu kikundi cha wakulima ambacho mama yangu ni mwanachama. Kazi yake ni ndogo. Mkulima analeta mikungu, karani anaingiza idadi, daraja na bei. Kisha anafungua ripoti ya mkulima huyo: ameleta nini, amekatwa nini, anadai shilingi ngapi. Mkulima akikubali hesabu, analipwa kwa simu. Data inakaa kwenye seva ya kukodi, ndani ya PostgreSQL.

Novemba 2023 toleo la 11 la PostgreSQL lilikuwa linafikia mwisho wa kuhudumiwa, nikahamia toleo la 15. Data yote ikafika salama, majaribio yote yakapita. Nikalala usingizi mzito.

Wiki hiyohiyo karani, ambaye ni binti wa shangazi yangu, akanipigia.

"Kaka, ripoti inakawia."

"Ni mtandao huo, dada. Hebu sogea mahali penye mnara mzuri."

Alisogea. Siku ya pili akapiga tena, nikamwambia abadilishe laini. Akabadilisha. Siku nyingine nikamwambia labda bando limeisha. Akanunua jingine, kwa pesa yake. Meza ikatolewa kwenye kivuli cha mwembe ikapelekwa karibu na barabara, kwenye vumbi na jua, kwa sababu mimi mtaalamu wa Voi nilisema hivyo. Hali ilikuwa hiyo mpaka nilipokwenda nyumbani Krismasi.

Nilikaa kando yake siku ya malipo. Akabonyeza ripoti ya mzee mmoja. Nikahesabu kimoyomoyo: sekunde nane. Mkulima wa pili, nane. Wa tatu, nane. Mzee yule nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema bila hasira yoyote: "Mwanangu, hesabu inayokawia inatafutiwa mahali pa kukatwa." Watu wakacheka. Binti wa shangazi hakucheka. Nikaelewa kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akikaa mbele ya majirani zake kama mtu anayechezea pesa zao, wakati kioo cha simu kinazunguka tu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo akili ilinirudia. Mtandao mbovu hauna nidhamu: sasa hivi sekunde tatu, baadaye ishirini, mara unakatika kabisa. Kitu kinachochukua sekunde nane kila mara si mtandao, ni mashine inayofanya kazi fulani. Jioni nikafungua laptop, nikaingia kwenye seva na kuweka EXPLAIN ANALYZE mbele ya lile swali la ripoti. Amri hii inaliendesha swali kweli, halafu inakuonyesha muda umekwenda wapi. Mwishoni kabisa nikakuta haya:

JIT:
  Functions: 641
  Timing: Generation 61.204 ms, Inlining 98.415 ms, Optimization 4210.633 ms, Emission 3042.058 ms, Total 7412.310 ms
Execution Time: 7833.902 ms

Yaani katika sekunde karibu nane, kutafuta data ya mzee kulichukua chini ya nusu sekunde. Sekunde saba na zaidi zilikuwa za matayarisho!

Matayarisho gani? Kwa kawaida PostgreSQL inapokagua safu za jedwali, inazifasiri hatua kwa hatua: chukua safu, toa tarehe, linganisha, chukua nyingine. JIT, yaani kukompaili papo kwa papo, inasema: ngoja kwanza, niandike kijiprogramu cha lugha ya mashine kwa ajili ya swali hili hasa, kisha nikiendeshe kwa kasi. Kazi hiyo inafanywa kwa msaada wa LLVM. Iliingia PostgreSQL toleo la 11 mwaka 2018 ikiwa imezimwa, na toleo la 12 mwaka 2019 likaja nayo imewashwa. Ndiyo maana mimi niliyeruka kutoka 11 hadi 15 nilikutana nayo bila kuiita.

Wakulima watanielewa nikisema ni kunoa panga. Ukiwa na shamba zima la kufyeka, nusu saa ya kunoa inajilipa kabla ya saa sita mchana. Ukiwa unakwenda kukata mkungu mmoja, unanoa nini? Tena PostgreSQL ina tabia moja ya ajabu: haihifadhi ilichokompaili kwa ajili ya swali linalofuata. Ikimaliza mkungu wa kwanza inalitupa panga lililonolewa, na kwa mkungu wa pili inaanza na butu.

Sasa, inajuaje kama kuna shamba au mkungu? Inakisia. Kila swali hupewa gharama ya makisio kabla halijaanza. Gharama ikipita 100,000, yaani jit_above_cost, inakompaili. Ikipita 500,000 inaongeza na kazi nzito ya kuboresha, ile iliyonila sekunde nne. Hapa ndipo inapotofautiana na Java, ambayo huitazama kwanza programu ikikimbia, ikaona ni sehemu gani inarudiwarudiwa, ndipo ikaikompaili. PostgreSQL inaamua kabla ya kuona chochote.

Na makisio yangu yalikuwa mabovu, kwa mikono yangu mwenyewe. Jedwali la mauzo nililigawa vipande kwa wiki, ujanja niliousoma mahali nikauona wa kitaalamu. Baada ya miaka minne nilikuwa na vipande zaidi ya 200. Kila kipande kilileta vijiprogramu vyake vya kukompailiwa, ndiyo hao 641. Zaidi ya hapo, autovacuum hukusanya takwimu za vipande lakini si za jedwali mama. Hilo unatakiwa uliamuru mwenyewe kwa ANALYZE. Sikuwahi. Basi ilipofika kuunganisha mauzo na mikopo, PostgreSQL ikakisia malaki ya safu mahali ambapo zilikuwa hazifiki mia mbili. Kwenye toleo la 11 makisio yalikuwa mabovu vilevile, ila hayakuwa na wa kuyafanyia kazi.

Dawa ya haraka ilikuwa mstari mmoja:

SET jit = off;

Swali lilelile likajibu kwa chini ya nusu sekunde. Nikalifanya la kudumu kwa ALTER SYSTEM SET jit = off; na SELECT pg_reload_conf(); kisha nikaendesha ANALYZE kwa jedwali mama, na baadaye nikavigeuza vipande vya wiki kuwa vya mwaka. Ripoti ya mwaka mzima, ile inayopita kila safu na kujumlisha, naipimia kwenye kikao chenye JIT iliyowashwa, na huko kweli inapunguza muda kidogo. Kwa hiyo sisemi JIT ni mbaya. Nasema ipimwe.

Wala si Mata peke yake. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambao Tanzania, Uganda na Rwanda pia wanautumia, unakaa juu ya PostgreSQL. Maelekezo yake kwa wasimamizi wa seva yamesema wazi: kuanzia toleo la 12, izime JIT, kwa kuwa maswali mengi ya viashiria huharibika vibaya, na kuizima kunaweza kuharakisha majibu hadi mara 100. Kama ningesoma hayo kabla, nisingemkalisha mtu juani.

Kwa hiyo ukihamia toleo jipya, usiishie kuangalia kama majibu ni sahihi. Chukua maswali matano yanayoulizwa kila siku, yapime kabla na baada, na utazame kama chini kuna neno JIT. Na mtumiaji akikwambia mfumo unakawia, muulize unakawia kiasi gani na kama ni kiasi hichohicho kila mara, kabla hujamtuma kununua bando.

Siku ya malipo iliyofuata nilirudisha meza chini ya mwembe mwenyewe. Nikawaeleza wanakikundi kwamba kosa lilikuwa langu, si la karani wala la mtandao. Mzee akauliza kama na hesabu za zamani zilikuwa sawa. Tulizipitia pamoja, moja moja, mpaka akaridhika. Pesa za bando nilimrudishia binti wa shangazi. Alizihesabu mara mbili.