Kwenye Karatasi Tuko Wanne

Kadi yetu ya chakula hapa Nyarugusu imeandikwa watu wanne: Koko, mama, mdogo wangu na mimi. Siku ya mgao tunapimiwa unga, dengu, mafuta na chumvi ya watu wanne, na hatuna ugomvi na hesabu hiyo, maana wanaolala ndani ya nyumba yetu ni wanne kweli. Lakini mtu akiniuliza familia yenu mko wangapi, mdomo unakataa kusema nne. Nyumbani kwetu kuna hesabu mbili, ya karatasi na ya Koko. Kwa miaka mingi niliijua ya kwanza tu. Hii ya pili nimeanza kujifunza juzijuzi, na ndiyo nataka kuieleza hapa.

Nianze na mama. Aliyenizaa alifariki kwa malaria mwaka 2002, katika kambi ya Lugufu, nikiwa na miaka mitatu. Mdogo wake akanichukua. Kwa kawaida angeitwa mama mdogo, ila nyumbani hilo neno "mdogo" hakuna anayelitumia. Ni mama, basi. Mdogo wangu aliye kwenye kadi ndiye aliyezaliwa na yeye. Koko, yaani nyanya yetu, ni mama yao wote. Halafu yuko Yaya, mtoto wa mama mkubwa. Kwetu Wakongomani, yaya ni kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa. Hapa Tanzania yaya ni mtu anayeajiriwa kulea watoto. Kwa huyu wangu maana zote mbili zilikuwa sawa: alinitangulia, na alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ilipokuwa inakaribia kugusa chini.

Maneno ya namna hiyo tunayo mengi. Sombe hapa ni kisamvu, ndagala ni dagaa, lengalenga ni mchicha. Koko mpaka leo hajamsamehe mfanyabiashara mmoja wa sokoni aliyemwambia kwa heshima zote, "Karibu bibi, unataka nini?" Kwetu bibi ni mke. Koko akamjibu mbele za watu, "Miye si bibi yako! Bibi yako iko kwako!" Yule kijana alichanganyikiwa. Sisi tulicheka mpaka machozi, halafu mama akarudi kumweleza yule kijana kwamba kwa Kiswahili chake yeye alikuwa na adabu nzuri kabisa.

Mimi ninaongea vyote viwili, na hilo lina bei yake. Nikienda na kibali mpaka Kasulu, nikitamka sentensi moja tu mtu ananiuliza, "Wewe Mkongo?" Nikiongea na ndugu zangu wa Baraka kwenye simu, wananicheka, "We unaongea sasa kama Mtanzania." Nimezaliwa Lugufu mwaka 1999. Mwaka 2009 Lugufu ilipofungwa tukaletwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 wakati watu wa Kivu ya Kusini walipokuwa wakivuka ziwa. Shule yetu ilifuata masomo ya Kongo, kwa Kifaransa. Kwa hiyo nchi yangu nimeijua kwa chaki. Nilikariri mikoa 11 na makao yake makuu, nikaichora mto kwa mto, na mwaka 2015 serikali ya Kongo ilipoigawa ikawa 26, tukaanza upya kukariri. Mwalimu alifuta ubao akasema, "Haya watoto, nchi imeongezeka." Nchi iliongezeka na sisi tukabaki palepale.

Mwaka huohuo 2015 Warundi wengi walianza kukimbia kwao. Baadhi waliletwa hapa Nyarugusu, wakawa majirani zetu. Wengine walivuka kuelekea upande wetu wa ziwa, wakafunguliwa kambi ya Lusenda, ndani ya Fizi. Koko aliposikia kwamba Lusenda kuna kambi alinyamaza, kisha akasema, "Basi pale kwetu kuna wakimbizi, na wenye kwetu ni wakimbizi hapa." Akarudi kuchambua dengu. Sijawahi kusikia somo la jiografia lililo fupi kuliko hilo.

Sasa nije kwa Yaya. Miaka ile watu wengi wa kambi yetu walikuwa wakiitwa kwenye mahojiano ya kwenda kuishi Marekani. Yaya alikuwa ameoa, ana kadi yake na faili yake. Alipofika kwenye swali la ndugu akatutaja. Mimi pia niliitwa kuulizwa. "Huyu ni nani wako?" Nikasema, ndugu yangu. "Baba mmoja mama mmoja?" Hapana. "Baba mmoja?" Hapana. "Basi ni binamu." Ikaandikwa binamu. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kisanduku cha kujaza na mstari mrefu wa watu nje. Baadaye mwalimu wetu mmoja alinieleza kwamba hilo neno limetoka kwa Waarabu, maana yake mtoto wa ami, yaani mtoto wa ndugu wa baba. Yaya hanihusu hata kidogo kwa upande wa baba. Ni mtoto wa mama mkubwa, na mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, kwa Wabembe na kwa Watanzania wengi pia. Lakini binamu ndiyo ilibaki kwenye faili. Mwaka 2017 Yaya alipanda basi na mke wake na mtoto wao, na sisi tukabaki kwenye vumbi la basi.

Na baba yangu mzazi? Yuko Baraka. Alirudi kwa meli mwaka 2007, wakati wa kurudishwa kwa hiari kutoka Kigoma. Nilikuwa na miaka minane. Koko alikataa nisiende. "Huyu ni wa marehemu," alisema, "na marehemu amelala huku." Baba alioa tena. Nina wadogo watatu kule ambao ninawajua kwa sauti tu. Kwenda kuwaona si safari ya kusema kesho natoka. Nikiandikisha jina la kurudi, narudi moja kwa moja, na jina langu linafutwa kwenye kadi ya hapa. Maana yake nimuache Koko. Kila mwaka swali hilo linakuja, na kila mwaka nalijibu kwa kukaa.

Hivyo ndivyo tulivyo: mmoja kiwanda cha nyama Marekani, mmoja Baraka na watoto, wanne hapa, na kaburi moja Lugufu ambapo siku hizi hakuna kambi.

Mwaka jana Yaya alipiga simu usiku. Binti yake wa pili, aliyezaliwa kule, alikuwa amepewa kazi shuleni achore mti wa ukoo: baba na mama, halafu mababu, halafu wazazi wa mababu. Yaya alijua baba yake Koko aliitwa nani, ila wa nyuma yake hakujua. Tukamwamsha Koko. Koko akataja jina, akataja na la pili, akasimama. La tatu halikuja. Alijishika paji la uso, akasema litarudi kesho. Mama alinitazama. Wote wawili tulielewa kwamba Koko anaanza kupungukiwa, na kwamba kila alichonacho hakuna mahali pengine kilipoandikwa.

Asubuhi nikanunua daftari la kurasa 96. Nikamwambia Koko tutaandika watu wote. Akauliza, "Wote hata bale?" Nikasema ndiyo, hata wale. Sikujua anawasema nani.

Tulianza Mboko, alikozaliwa. Tukafika 1996, vita ilipoingia upande wa Uvira. Walitoka Mboko kwa miguu, wakapita Baraka, wakakaa siku kadhaa kwa watu, wakapata mtumbwi wa usiku. Nikamuuliza, mlipanda wangapi? Koko akasema kumi na wanne. Mama alikuwa nje anafua. Akasema kwa sauti, bila kuinua kichwa, "Kumi na mmoja." Koko akarudia, kumi na wanne. Mimi nikaandika namba zote mbili, moja chini ya nyingine, na hakuna aliyeongeza neno siku hiyo.

Siku ya tatu Koko mwenyewe ndiye aliyelirudia. "Mama yako haongopi," alisema. "Yeye anahesabu bale balishuka. Miye nahesabu bale balipanda."

Upepo uliwakuta katikati ya ziwa. Mtumbwi ulilala upande mmoja ukasimama tena, na ulipokuwa umesimama watu watatu hawakuwemo. Mmoja alikuwa mama mkubwa, mama yake Yaya. Wa pili alikuwa mtoto mchanga aliyekuwa kifuani kwake. Tangu utotoni nimesikia kwamba mama mkubwa "alibaki," na hilo neno kila mtu hapa kambini analitumia kwa ndugu aliyeachwa Kongo. Alibaki Fizi, alibaki Kalemie, alibaki shambani. Kumbe wetu alibaki majini. Yaya alikuwa na miaka sita. Alikuwa amekaa ubavuni kwake.

Wa tatu alikuwa kijana wa miaka kama kumi. Hakuwa wa ukoo wetu. Walimkuta Baraka peke yake, akawafuata, Koko akampa kazi ya kubeba sufuria. Jina la nyumbani walilijua, la baba yake hawakuwahi kulijua, wala kijiji chake. Nikamuuliza Koko nimuandike ukurasa gani, maana nilikuwa nimegawa daftari kwa matawi, kila mama na watoto wake. Koko alinishangaa. "Muandike kwangu. Alipanda na siye."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kijana yule hakuwa na karatasi wala ukoo wa kumtetea, na alikaa nasi siku chache tu. Kama angefika Kigoma, kwenye orodha ya kwanza pengine angeandikwa peke yake, mtoto asiye na wazazi. Lakini kuna mwanamke mmoja ambaye kwa karibu miaka thelathini hajawahi kumtoa kwenye hesabu yake. Kila mara aliposema kumi na wanne, alikuwa anamsema na yeye. Nadhani mtu ana kwao akiwa ndani ya hesabu ya mtu fulani. Udongo una maana yake, na siwadharau wanaoililia ardhi ya Fizi, mimi mwenyewe nataka siku moja nikanyage Mboko. Ila udongo haukuhesabu. Anayekuhesabu ni mtu.

Niliogopa kumtumia Yaya ukurasa ule. Mama ndiye aliyesema tuma, ni mama yake, ana haki. Nikapiga picha, nikatuma. Zilipita siku mbili kimya. Kisha ikaja sauti yake, ndefu, akiwa ametoka zamu ya usiku, nikisikia gari likipita nyuma yake. Hakusema lolote kuhusu upepo. Alisema jina la mtoto mchanga, ambalo Koko na mama walikuwa wamelisahau wote wawili. Alisema pia kwamba yule kijana wa sufuria alijua kupiga mluzi kama ndege, na kwamba njia nzima kutoka Baraka alikuwa akimfundisha. Halafu akasema, "Andika na hilo."

Nimeandika. Binti yake alichelewesha ile kazi ya shule wiki moja, akapeleka mti wenye tawi moja ambalo halijashikana na shina. Mwalimu akamuuliza ni nani huyu. Yaya anasema mtoto alijibu kwa Kiingereza chake, akachanganya Kiswahili: alipanda na siye.

Daftari sasa lina majina 93. Baba ameongeza ya upande wake kutoka Baraka, na wale wadogo zangu watatu wameandika majina yao wenyewe kwa mkono, wakanitumia picha. Mwandiko wa yule mkubwa unafanana na wangu, sijui imekuwaje. Koko ananikosoa bado. Nikisoma jina vibaya anapiga goti lake kwa kiganja na kusema, "Apana, rudia," na mimi narudia. Lile jina la tatu limerudi, lilirudi siku anapika sombe. Mengine mawili hayajarudi, nimeyaachia mistari.

Ninyi mnaosoma hapa, wa Nyarugusu, wa Nduta, wa Nakivale, wa Kakuma, wengi wenu mna Koko wenu ndani ya nyumba, na wengine mmebakiwa na mmoja tu. Msianze na tarehe wala na vita, hivyo vitakuja vyenyewe. Anzeni na hesabu: mlikuwa wangapi mlipotoka? Wakubwa wawili wakitofautiana, msiamue nani yuko sahihi. Andikeni namba zote mbili, mngoje.